Jina la Kanga Si Kiraka: Uhakiki wa Mradi wa Mwaka wa Mwisho wa Usanifu wa Nguo

Utangulizi

Kurasa hizi zimezoea kupokea uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Makala haya yanahakiki kitu kingine: doti ya kanga, pamoja na mpango wa kazi ulioizaa. Huenda pakawa na mwenzetu atakayeuliza mwalimu wa lugha anatafuta nini katika rangi na vitambaa. Jawabu ni kwamba kanga ni nguo yenye sentensi, na penye sentensi ya Kiswahili mwalimu wa Kiswahili hahitaji kubisha hodi mara mbili.

Kazi ninayoihakiki ni ya binti mmoja mwenyeji wa hapa Kigwena, niliyemfundisha Kiswahili sekondari, na ambaye baadaye alikwenda kusomea shahada ya usanifu wa nguo katika chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Mradi wa mwaka wa mwisho ulimtaka abuni nguo, aichape, aiandikie ripoti na kuitetea mbele ya watahini. Kwa ridhaa yake nimeusoma mpango wake, nimeitazama michoro yake, na nimeishika kanga yenyewe mkononi. Jina lake na jina la chuo chake si sehemu ya hoja, kwa hiyo nayaacha. Hoja yenyewe ni moja: katika mradi wa kanga, jina ndilo jambo la kwanza kupangwa; mpango unaoliacha jina mpaka wiki za mwisho huharibu nguo na lugha kwa pamoja.

Nguo izaliwayo na jina lake

Kabla ya kuhukumu kazi ya mtu ni haki kwanza kueleza sheria za kazi hiyo. Kanga moja ina upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu sentimita 110. Huuzwa mbili mbili, na mbili hizo ndizo doti. Sehemu zake ni tatu. Kuna pindo, yaani ukingo uzungukao pande zote nne. Kuna mji, yaani uwanja wa katikati. Na kuna jina, yaani maneno yaliyopangwa katika kisanduku chembamba upande wa chini wa mji. Mwanamke akijifunga kanga kiunoni, jina huangukia nyuma. Mvaaji halisomi jina lake. Husomwa na wanaobaki nyuma yake.

Nguo hii ilipata umbo lake katika pwani ya Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Majina ya zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha hati za Kirumi zikashika nafasi. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana mno kwa kanga zenye alama ya “Mali ya Abdulla”, hata watu wengi wakamtambua mwenye duka kwa kanga kuliko kwa jina lake la ukoo.

Ukitaka kuona upekee wa kanga, ilinganishe na kitenge. Vitambaa vya nta vya kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, vilifika Afrika ya Magharibi vikiwa na michoro bila maneno. Wanawake wafanyabiashara wa Togo na Ghana ndio waliovibandika majina baada ya kuvipokea, na jina likishika, kitambaa huuzika. Kwa ufupi, kitenge huzaliwa bubu, kikapewa jina sokoni. Kanga huzaliwa na jina lake. Msanifu wa kitenge akinyamaza, wauzaji watamsemea. Msanifu wa kanga akikosea neno, kosa lake litavaliwa.

Suala hili halihusu mwanafunzi mmoja. Makerere ina shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, aliyeianzisha katika miaka ya 1930. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha usanifu wa nguo katika ngazi ya shahada. Vijana wa Burundi, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nao wamo katika safari hiyo ya elimu. Nchini mwetu pamba ya Imbo ilisokotwa na kuchapwa katika kiwanda cha COTEBU cha Bujumbura kwa miaka mingi, mpaka kiwanda kile kilipofungwa katika miaka ya 2000. Kwa hiyo binti wa Kigwena anaposomea nguo, hasomei anasa ya ugenini. Anasomea kazi iliyowahi kulisha watu hapa petu.

Mpango wa kwanza

Binti huyu alikusudia kubuni doti kwa ajili ya akina mama wa pwani hii ya Tanganyika, wanaouza ndagala, mukeke na mawese katika masoko ya Kigwena na Rumonge. Wengi wao huongea Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, na miongoni mwao wapo waliokulia Tanzania katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, wakarejea na Kiswahili cha huko. Nia ilikuwa njema, na walengwa walijulikana.

Muda wake wote ulikuwa wiki 30, naye aliugawa hivi. Wiki 6 za kusoma vitabu na kukusanya picha. Wiki 10 za michoro. Wiki 6 za kuchagua rangi na kutayarisha skrini, yaani zile fremu za kitambaa chembamba ambazo rangi hupenyezwa kupitia kwake. Wiki 2 za jina. Wiki 4 za kuchapa. Wiki 2 za ripoti.

Kwa jicho la haraka mpango huu hauna ila. Kila shughuli ina siku zake, na jumla ni sahihi. Lakini mhakiki haangalii jumla tu. Huuliza kipi kimetangulia kipi. Hapa jina limewekwa katika wiki ya 23, baada ya mji kuchorwa, pindo kupimwa na kisanduku kukatwa. Maneno yamealikwa karamuni wakati viti vimekwisha. Msanifu alilichukulia jina kuwa kiraka cha kuzibia nafasi iliyobaki.

Kisa cha herufi 25

Yaliyofuata ni mfano mzuri kwa darasa la lugha. Jina alilolichagua lilikuwa hili: USIUCHEKE MZIGO WA MWENZIO KESHO UTAKUWA WAKO. Ni jina zuri. Lina onyo, lina sababu ya onyo, na linamfaa mchuuzi abebaye beseni kichwani. Tatizo lilikuwa hesabu. Jina hili lina herufi 39, na ukizihesabu nafasi kati ya maneno unapata 45. Kisanduku chake kilikuwa na urefu wa sentimita 60. Kila herufi ingepata sentimita moja na theluthi hivi, wala haingesomeka na mtu aliye hatua sita nyuma.

Kupanua kisanduku kulihitaji kuuchora upya mji mzima. Muda haukuwapo. Basi binti na msimamizi wake wakaamua kupunguza maneno, na jina likawa: MZIGO WA MWENZIO UTAKUWA WAKO. Herufi 25. Likatosha vizuri, kila herufi ikapata sentimita mbili.

Ndugu msomaji, tazama kilichopotea. Kitenzi “usiucheke” ndicho kilichokuwa uti wa mgongo wa sentensi, kwa maana ndicho kilichobeba katazo. Neno “kesho” ndilo lililogeuza sentensi kuwa onyo la mageuzi ya dunia. Vyote viwili vikaondoka, likabaki tamko kavu: kilicho cha mwenzio kitakuwa chako. Kisarufi sentensi ni sahihi. Mwanafunzi wa darasa la sita hataona kosa. Kimaana imepinduka kutoka huruma ikawa tamaa.

Nakala ya majaribio ilipoletwa Kigwena katika wiki ya 25, akina mama wawili waliisoma, wakatazamana, wakacheka. Mmoja akauliza, “Mwanangu, huu mzigo tunaoahidiwa ni samaki wa jirani au ni mume wake?” Swali hilo ni uhakiki kamili. Yule mama hakusoma nadharia ya fasihi, lakini alijua kwamba katika kanga neno “mzigo” halikai na maana moja, na kwamba nguo ya namna hiyo ikivaliwa mbele ya mke mwenza au jirani mwenye kisirani, ugomvi utakuwa umekwisha chapwa.

Binti alirudi mezani akaandika jina jingine: KICHEKO CHA LEO MZIGO WA KESHO. Lihesabu, ndugu msomaji. Lina herufi 25, sawasawa na lile lililoharibika. Kwa hiyo kisanduku hakikuwa na hatia. Kilichokosekana ni muda wa kutunga. Ila jina jipya lilimgharimu. Skrini ya rangi nyeusi ilibeba jina pamoja na mistari yote ya mji, na hivyo ilibidi itengenezwe upya kwa fedha alizopewa na mama yake, na fedha hizo zilikuwa za skrini moja tu. Wiki nzima ya uchapaji ikapotea. Doti 20 zilizopangwa zikawa 12.

Fani na maudhui

Sasa tuihakiki nguo yenyewe kama ilivyotoka, kwa utaratibu tuuzoeao.

Katika fani, mafanikio ya kwanza ni pindo. Msanifu amepanga chikichi zilizoiva, moja moja, kwa safu mbili zinazopishana. Hakuiga korosho tunayoikuta katika mapindo mengi ya pwani ya bahari. Mchikichi ndio mti unaoipa Rumonge sifa, na pindo hili linatangaza mahali pa kuzaliwa kwa nguo hata kabla jina halijasomwa. Mafanikio ya pili ni rangi. Alianza na rangi tano, kisha akazipunguza mpaka tatu: nyekundu iliyokolea kama mawese, manjano, na nyeusi, juu ya weupe wa kitambaa. Kila rangi hudai skrini yake, kwa hiyo kupunguza rangi ni kupunguza gharama. Aidha wekundu na weusi juu ya weupe humkumbusha mtazamaji kisutu, kanga ya harusi, bila kuiigiza. Tena kuna hekima ya matumizi: doa la mawese halionekani upesi juu ya nguo nyekundu.

Kasoro kubwa ya fani imo katika mji. Humo tunakuta mtumbwi, wavu, taa ya wavuvi wa usiku, samaki, mawimbi, na hata miti ya msitu wa Kigwena kwa mbali. Msanifu amelijaza ziwa zima katika uwanja mmoja. Jicho halijui lianzie wapi wala lipumzike wapi. Kasoro hii nayo inatokana na mpango: wiki 10 za michoro zilipita bila neno lolote la kuchagulia, na asiye na kipimo cha kuchagua huweka vyote. Jina lingekuwapo tangu mwanzo, angejua kwamba nguo inahusu mzigo na mbebaji, na beseni moja lingetosha.

Katika maudhui, jina la mwisho lina mizani nzuri. Kicheko kinakabiliana na mzigo, leo inakabiliana na kesho, na sentensi haina kitenzi hata kimoja, kama zilivyo methali zetu nyingi. Lakini hapana budi kusema kwamba kuna kilichopotea. Katika jina la kwanza alikuwamo “mwenzio”. Palikuwa na watu wawili: anayecheka na anayebeba. Katika jina la mwisho yupo mmoja tu, na huruma imepungua ikawa tahadhari. Lile la kwanza lilikuwa linamtetea mchuuzi. Hili linamwonya mchekaji. Tofauti hiyo si ndogo, na mtunzi mwenye muda wa miezi mitano angeweza kupata jina fupi lililomhifadhi mwenzio ndani yake.

Alama alizopewa na watahini si kazi yangu kuzitaja. Nitakalosema ni kwamba doti zote 12 zilivaliwa hapa, na wavaaji hawakuulizwa tena habari za mume wa mtu.

Mpango ungekuwaje?

Methali yasema mali bila daftari huisha bila habari. Wiki pia ni mali. Kwa manufaa ya wanafunzi wanaojiandaa kwa miradi kama hii, napendekeza mgawanyo ufuatao wa wiki 30 zile zile.

Wiki 4 za mwanzo ni za masikio. Mwanafunzi akae sokoni, mwaloni na arusini, aandike maneno yasemwayo na jinsi yanavyopokewa. Vitabu asome jioni.

Wiki 2 zinazofuata ni za kutunga na kuchagua jina. Atunge majina 20, ayapunguze mpaka 3, kisha ayasomee watu wasiomjua. Kila jina lihesabiwe herufi zake, na lichunguzwe maana zake za pembeni, hasa zile ambazo kijana huona haya kuziuliza.

Wiki 8 ni za michoro, kisanduku cha jina kikiwa kimekwisha pimwa na kuwekwa mahali pake.

Wiki 2 ni za jaribio la kuvaa. Achore kanga nzima kwa kipimo chake halisi juu ya kitambaa cha bei nafuu, mtu aivae, atembee, naye asimame hatua sita nyuma asome. Nguo isiyosomeka ikiwa mwilini haijafaulu, hata kama inapendeza ukutani.

Wiki 6 ni za rangi na skrini. Wiki 4 ni za kuchapa, mojawapo ikiachwa wazi kwa ajili ya ajali, kwa maana rangi humwagika, umeme hukatika na fremu hupasuka. Wiki 3 ni za kuikamilisha ripoti, ambayo iwe imeandikwa kidogo kidogo katika daftari tangu siku ya kwanza. Wiki ya 30 ni ya kupanga maonyesho na kujiandaa kujibu maswali ya watahini. Asichape kitu siku hizo.

Pingamizi mbili

Baadhi ya wasimamizi husema kwamba usanifu ni sanaa ya macho, na mwanafunzi apimwe kwa mchoro, maneno yawe pambo tu. Hoja hii ina nguvu kwa kitenge na kwa shuka. Kwa kanga haina, kwa sababu akina mama huuliza “inasemaje?” kabla hawajauliza bei. Mwanafunzi anayetaka kupimwa kwa mchoro peke yake anayo ruhusa ya kubuni kitenge.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba jina likitangulia, mchoro utakuwa mtumwa wake: jina likitaja jogoo, mji utachorwa jogoo, na nguo itasema jambo moja mara mbili. Hatari hii ipo kweli, na zipo kanga nyingi zenye kasoro hiyo. Lakini kutangulia katika mpango si kutawala katika kazi. Katika nguo tuliyoihakiki jina linataja mzigo, nalo pindo linaonyesha chikichi. Hakuna aliyechora mtu amebeba mkungu wa chikichi. Uhusiano ameachiwa mtazamaji. Jina lililojulikana mapema humpa msanifu nafasi ya kuamua aseme nini kwa picha na anyamaze wapi. Jina lililochelewa halimpi uamuzi wowote.

Wajibu wetu

Yatubidi sisi walimu tukumbuke kwamba kwa watu wengi wa mwambao huu, maandishi ya Kiswahili yaliyo karibu nao kila siku hayamo kitabuni. Yamo mgongoni mwa jirani. Kitabu chenye kosa hurekebishwa katika chapa ya pili. Kanga ikishauzwa hairudi kiwandani. Itavaliwa, itafuliwa, itakuwa mbeleko, na mwisho itakuwa tambara la jikoni, sentensi ile ile ikisomwa muda wote huo. Vyuo vya nguo vina wakemia wa rangi na mafundi wa mitambo katika kamati za miradi. Havijakatazwa kumwita mwalimu wa lugha, nasi hatujakatazwa kujitokeza.

Hata kabla ya chuo, kazi yaweza kuanzia darasani. Natoa maswali matatu kwa walimu watakaopenda kuyajaribu na wanafunzi wao:

1. Tunga jina la kanga lisilozidi herufi 25 kwa ajili ya mama muuza ndagala. Eleza nani atalivaa na nani atalisoma.

2. Linganisha majina matatu yaliyotajwa katika makala haya. Ni jina lipi lenye huruma zaidi, na ni neno gani linaloibeba huruma hiyo?

3. Fupisha jina la kwanza, lenye herufi 39, bila kumtoa “mwenzio” wala kupindua maana. Mwandishi wa makala haya amejaribu mara kadhaa. Majibu bora yatapokewa kwa furaha kubwa.